Kivinjari kimekutwa na tundu tena: fanya haya kabla hujakihama

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi, na hakuna tangazo linalonichosha kama lile linalosema kivinjari tunachokitumia, yaani programu ya kufungulia tovuti, kimekutwa na tundu jipya la usalama, wavamizi wameshaanza kulitumia, kila mtu asasishe haraka. Tunasasisha. Haupiti muda mrefu, tangazo linarudi likiwa na namba nyingine. Wenzangu hunijia wamekasirika, nami siwatulizi, kwa sababu hasira yao ni ya haki. Mtu amekikabidhi kivinjari akaunti yake ya benki, barua pepe zake na majalada ya kazi. Anastahili kitu kisichovuja.

Swali linalofuata huwa ni moja: tuhamie kipi? Hapo huwaomba wasubiri kidogo. Kuhama kunaweza kuwa uamuzi mzuri, nami nitaeleza namna ya kuhama, lakini jina la kivinjari silo linaloamua sana kama tundu litakuumiza. Yanayoamua ni mambo mawili: muda unaopita kati ya kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu, kutolewa na kiraka hicho kuanza kufanya kazi kwenye mashine yako, na vitu ulivyoviweka ndani ya kivinjari siku kitakapopenywa. Yote mawili unaweza kuyabadilisha leo.

Kwa nini matundu hayaishi

Kivinjari hupokea vitu kutoka kwa watu usiowajua mchana kutwa: picha, fonti, video, programu za JavaScript. Kila kimoja lazima kifunguliwe na kusomwa papo hapo. Chrome, Firefox na Safari zimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C++, lugha inayomwachia mwandishi wa programu jukumu la kujua kila kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kinatumiwa na nani na kimeachiliwa lini. Akisahau mahali pamoja, programu hugusa kipande ambacho kimeshapewa kazi nyingine, na mvamizi anayejua kupanga data zake hapo anashika usukani. Mwaka 2020 wahandisi wa Chrome walieleza kuwa takriban asilimia 70 ya dosari zao kubwa za usalama zilitokana na makosa ya kumbukumbu, na nusu ya hizo ni za aina hiyo hiyo ya kugusa kilichokwisha kuachiliwa. Mwaka 2023 walitangaza kuanza kuruhusu Rust, lugha inayozuia makosa hayo tangu msimbo, yaani maagizo ya programu, unapoandikwa. Ni hatua ya maana, lakini mamilioni ya mistari ya zamani bado yapo na bado yanafanya kazi kila unapofungua ukurasa.

Kuhusu kuhama, tazama yaliyokwisha kutokea. Januari 2010, baada ya Google kutangaza kwamba imevamiwa, ilijulikana kuwa wavamizi walitumia tundu la Internet Explorer. Mamlaka za usalama wa kompyuta za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi watumie kivinjari kingine hadi tundu lile lizibwe. Waliohama walifanya vyema, maana ulinzi wa Internet Explorer ulikuwa umebaki nyuma sana. Sasa njoo Septemba 2023. Tundu liligunduliwa ndani ya libwebp, kipande cha msimbo cha kusomea picha za WebP, ambacho Chrome, Edge, Opera na Firefox zote zilikitumia. Aliyetoka kimoja akaingia kingine wiki ile alilikuta tundu lilelile likimsubiri. Machi 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua shambulio lililohitaji mtu abofye tu kiungo kwenye barua pepe, na Chrome yake ya Windows ikawa imevamiwa. Google walitoa kiraka tarehe 25. Siku mbili baadaye Mozilla nao walitoa cha Firefox, kwa sababu walipokagua msimbo wao walikuta kosa linalofanana na lile.

Basi tuanze kazi.

Soma namba ya toleo hadi tarakimu ya mwisho

Andika chrome://settings/help kwenye sehemu ya anwani. Kwa Edge ni edge://settings/help. Kwa Firefox, fungua menyu, nenda kwenye msaada, kisha ukurasa unaoeleza kuhusu Firefox. Kufungua ukurasa huo peke yake hukifanya kivinjari kitafute toleo jipya, kwa hiyo hata kama hukuwa na nia ya kusasisha, tayari umeanza.

Wengi husoma tarakimu za mwanzo na kuridhika. Usifanye hivyo. Kiraka cha Machi 2025 kilikuja katika toleo 134.0.6998.177 na 134.0.6998.178. Aliyekuwa na 134 iliyotoka mwanzoni mwa mwezi uleule alikuwa bado yuko wazi, ingawa angeweza kukuambia kwa dhati kwamba ana 134. Kiraka hukaa kwenye tarakimu za mkiani.

Ukikuta ujumbe kwamba kivinjari hakiwezi tena kusasishwa kwenye kompyuta hiyo, usiufunge ukaendelea na kazi. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 na 8.1 baada ya toleo 109, mwanzoni mwa 2023. Kompyuta ya namna hiyo inahitaji mfumo mpya, au iondolewe kwenye kazi za benki na barua pepe kabisa. Sijui njia ya katikati iliyo salama.

Fungua upya, leo

Hapa ndipo ninapogombana na watu wengi, na sitaacha. Kivinjari hupakua kiraka chenyewe kimyakimya, lakini kiraka hakifanyi kazi mpaka kivinjari kizimwe na kufunguliwa tena. Mhasibu wetu hufungua vichupo (tabs) vyake Jumatatu na kuviacha hivyo wiki nzima, kila kimoja na hesabu yake. Kiraka kiko ndani ya kompyuta yake na bado yeye anatumia kivinjari chenye tundu.

Siku hizo chache zina uzito kuliko zinavyoonekana. Chrome imejengwa juu ya Chromium, programu ya msingi ya kivinjari, na msimbo wa Chromium uko hadharani. Wahandisi wanaporekebisha kosa, marekebisho huonekana kwa yeyote anayefuatilia, wakati mwingine kabla toleo jipya halijawafikia watumiaji. Mvamizi hahitaji kulitafuta tundu mwenyewe. Anasoma kiraka, anatambua kinaziba nini, anatengeneza silaha kwa ajili ya wale ambao hawajafungua upya. Ndiyo sababu Agosti 2023 Google walianza kutoa viraka vya usalama vya Chrome kila wiki. Walifupisha upande wao. Upande uliobaki ni wetu.

Kwenye kompyuta, Chrome huonyesha alama karibu na menyu iliyo pembeni juu: kijani maana yake toleo jipya lina umri usiofika siku 2, rangi ya chungwa ni kama siku 4, nyekundu ni wiki moja au zaidi. Ofisini kwetu sitaki kuona hata ya chungwa.

Ili kufungua upya kusiumize, nenda kwenye mipangilio ya wakati wa kuanza na uchague kivinjari kiendelee pale ulipoachia. Vichupo vitarudi. Dirisha fiche (incognito) halitarudi, na fomu uliyoijaza nusu inaweza kupotea, kwa hiyo maliza hizo kwanza. Halafu hakikisha kweli kimezimika. Kwenye Windows, Chrome ina mpangilio unaoruhusu programu ziendelee kufanya kazi chinichini hata ukishafunga madirisha yote. Uzime, uko kwenye mipangilio ya mfumo. Kwenye Mac, kitufe chekundu hufunga dirisha tu na kuiacha programu ikiwa hai. Bonyeza Command na Q. Kisha rudi kwenye ukurasa wa toleo na usome namba.

Jambo moja la kushika sana: sasisho la kweli halitoki ndani ya ukurasa wa tovuti. Ukisoma habari na ghafla ukurasa ukakwambia kivinjari chako ni cha zamani, bofya hapa upakue kipya, funga kichupo hicho. Wavamizi wametumia ujanja huu kwa miaka kusambaza programu hasidi, na unawanasa hasa watu waangalifu, waliokwisha kusikia kwamba kusasisha ni muhimu. Njia ya kusasisha ni ile ya menyu au duka la programu, basi.

Simu

Kwenye Android, fungua Play Store na usasishe kivinjari, kisha tafuta Android System WebView uisasishe nayo. Hiyo ya pili hutumiwa na programu nyingine kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake, kwa hiyo unaweza kupatikana na tundu hata siku ambayo hukufungua kivinjari. Simu ya mama yangu mdogo ilikuwa imewekwa isubiri Wi-Fi ndipo isasishe programu, na nyumbani kwake Wi-Fi hana. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa mpangilio ule simu yake ingekaa na matundu miezi na miezi. Ukimsaidia mzazi au jamaa, anzia hapo.

Kwenye iPhone hali ni tofauti. Apple kwa miaka mingi walilazimisha vivinjari vyote kutumia injini yao ya WebKit, yaani sehemu ya ndani inayosoma na kuonyesha kurasa, na ingawa mwaka 2024 walilegeza sharti hilo kwa nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kawaida Chrome ya iPhone kwa ndani ni injini ileile ya Safari. Kiraka huja na sasisho la iOS. Anayesasisha Chrome peke yake na kuahirisha iOS hajaziba kitu kikubwa.

Viendelezi

Ningekuwa na nafasi ya kumshawishi msomaji afanye jambo moja tu zaidi ya kufungua upya, lingekuwa hili. Tundu la kivinjari huzibwa baada ya siku kadhaa. Kiendelezi, yaani programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo, ulichokipa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kina uwezo huo muda wote, bila kuhitaji tundu lolote. Kinaona unachoandika, kinaona ukurasa wa benki, na ulikiruhusu mwenyewe kwa mbofyo mmoja.

Tena mwenye kiendelezi anaweza kubadilika bila wewe kujua. The Great Suspender, kilichopendwa sana kwa kupunguza mzigo wa vichupo, kiliuzwa mwaka 2020 kwa mmiliki mwingine, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Desemba 2024 mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ambayo yenyewe huuza ulinzi wa data, alilaghaiwa kwa barua pepe, na wavamizi wakapandisha toleo lenye sumu la kiendelezi cha kampuni hiyo. Watumiaji hawakufanya kosa lolote. Kilijisasisha chenyewe, kama ambavyo viendelezi vyote hufanya.

Fungua chrome://extensions, au about:addons kwenye Firefox. Kwa kila kiendelezi jiulize kama umekitumia mwezi huu. Kama hapana, kiondoe. Kukizima hakutoshi, maana siku moja utakiwasha bila kufikiri. Kwa vilivyobaki, bofya maelezo, tazama sehemu ya ufikiaji wa tovuti, na ukibadilishe kutoka tovuti zote kwenda tovuti maalumu, au kifanye kazi pale tu unapokibofya. Kizuia matangazo kwa kawaida kinahitaji tovuti zote, na mimi hukiacha kwa sababu matangazo nayo ni njia ya kuletewa msimbo wa watu usiowajua. Lakini kiendelezi cha kupiga picha ya skrini hakina sababu ya kusoma kila ukurasa unaoutembelea.

Tenganisha kazi

Tangu mwaka 2018, baada ya dosari ya Spectre kwenye vichakataji, Chrome ya kompyuta huweka kila tovuti kwenye mchakato wake, ili ukurasa mmoja uliooza usisome kumbukumbu za mwingine. Firefox ilifuata baadaye. Kinga hii ni nzuri, ila wavamizi wenye uwezo huunganisha matundu mawili: la kwanza la kuvamia ukurasa, la pili la kutoka nje ya kizimba ambacho ukurasa umefungiwa ndani yake. Wakifaulu, kila kilicho kwenye wasifu wako wa kivinjari, yaani akaunti, nywila na mipangilio yako humo, kiko mikononi mwao.

Kwa hiyo nimegawa. Kivinjari kimoja ni cha benki, barua pepe kuu na mifumo ya ofisi. Hakina kiendelezi hata kimoja, na sibofyi humo kiungo chochote kilichotumwa na mtu. Kingine ni cha kusoma, kutafuta, kutazama. Viungo vyote vya kwenye barua pepe na mazungumzo hufunguka kwenye hiki cha pili, kwa sababu ndicho nilichokiweka kuwa kivinjari chaguomsingi cha mfumo. Ukitumia wasifu wawili ndani ya kivinjari kimoja utapata sehemu ya faida hiyo, maana vidakuzi (cookies, faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti) na nywila vinatengana, lakini programu ni ileile na tundu ni lilelile. Vivinjari viwili vyenye injini tofauti ni bora.

Punguza kasi ya JavaScript

Ili JavaScript ikimbie haraka, injini huitafsiri kuwa maagizo ya moja kwa moja ya kichakataji wakati ukurasa ukiwa wazi. Sehemu inayofanya kazi hiyo ni tata mno, na hutoa matundu mengi. Timu ya Edge ilieleza mwaka 2021 kuwa takriban asilimia 45 ya dosari zilizosajiliwa za V8, injini ya JavaScript ya Chrome, tangu 2019 zilihusiana nayo. Edge ina mpangilio wa kuimarisha usalama kwenye wavuti unaoizima kwa tovuti usizozizoea. Chrome inao kwenye mipangilio ya tovuti, chini ya uboreshaji wa JavaScript. Kwenye iPhone huzimwa na hali ya Lockdown Mode, iliyokuja na iOS 16, ingawa hiyo hufunga na mambo mengine mengi.

Izime kwenye kivinjari cha kusomea. Kurasa za kawaida hazitaonyesha tofauti unayoweza kuihisi. Ramani na michezo mizito zitachelewa, na hizo unaweza kuziruhusu moja moja. Kwa mwandishi wa habari, mwanasheria, au yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba analengwa yeye binafsi, hii siyo ya hiari.

Ukiamua kuhama

Angalia injini kwanza. Edge, Opera, Brave na Vivaldi zote zimejengwa juu ya Chromium. Ukitoka Chrome ukaingia mojawapo, huenda ukapata faragha zaidi au mipangilio unayoipenda, lakini tundu la V8 linakufuata, na juu yake unasubiri kampuni ya pili ichukue kiraka cha kampuni ya kwanza. Nyingine huchukua haraka, nyingine hujikokota. Kabla ya kuhamia, tafuta tangazo la mwisho la kiraka cha dharura cha Chrome na ulinganishe tarehe yake na ile ambayo kivinjari unachokitamani kilitoa toleo lenye kiraka hicho. Tofauti ikizidi siku chache, kiache.

Kuhama injini kweli ni kwenda Firefox, au Safari ukiwa na Mac. Firefox nayo ina matundu yake; Oktoba 2024 ESET, kampuni nyingine ya usalama wa kompyuta, waligundua moja lililokuwa likitumiwa na wavamizi, ambalo halikuhitaji mtu abofye chochote zaidi ya kufika kwenye ukurasa. Mozilla walitoa kiraka takriban saa 25 baada ya kupewa taarifa. Mimi hupima kivinjari kwa mwitikio wa namna hiyo kuliko kwa ahadi ya kutokuwa na matundu.

Ukishahama, futa nywila na data kwenye kivinjari cha zamani, kisha kiondoe kabisa. Kivinjari kilichoachwa bila kutumiwa kina vidakuzi vyako vyote, na hakuna anayekumbuka kukifungua ili kisasishwe.

Siku tangazo likitoka

Tafuta maneno yanayosema dosari hiyo tayari inatumiwa na wavamizi. Yakiwepo, acha unachofanya, sasisha, fungua upya, soma namba. Yasipokuwepo, mwisho wa siku ya kazi unatosha. Kama sasisho bado halijakufikia, tumia kivinjari cha injini nyingine hadi lifike.

Kama ulibofya kiungo cha mashaka kabla hujasasisha, usianze kubadilisha nywila kwenye kompyuta hiyo hiyo. Chukua kifaa kingine. Ingia kwenye barua pepe yako kwanza, kwa sababu kupitia hiyo akaunti nyingine zote zinaweza kufunguliwa. Chagua kuondoka kwenye vifaa vyote, maana mvamizi aliyeiba kidakuzi cha akaunti iliyofunguliwa hahitaji nywila wala msimbo wa uthibitisho. Ndipo ubadilishe nywila. Halafu kagua sehemu mbili ambazo watu huzisahau: namba na anwani za kurejesha akaunti, kama zote ni zako, na kanuni za kusambaza barua kiotomatiki. Mvamizi akiweka kanuni hapo, nakala za barua zako zinaweza kuendelea kumfikia hata baada ya nywila kubadilika. Ukikuta anwani usiyoitambua, ifute, kisha mpigie simu anayetunza kompyuta za ofisi yako usiku uleule.